"Shangazi, hiyo siyo gemu"

SWALI: Nina miaka 43 na ninacheza gemu za simu kila siku, nusu saa hivi, mara nyingi usiku kabla ya kulala: karata, maneno, na ile ya kupanga peremende. Mpwa wangu wa miaka 19 ananicheka. Anasema, "Shangazi, hiyo siyo gemu. Gemu ni zile ambazo mvua ikinyesha unaona matone yanateleza kwenye koti la mtu." Wiki iliyopita alinipa kidhibiti nijaribu moja. Nakiri ilikuwa nzuri kama filamu, lakini dakika 20 zilipita sijui nifanye nini, nikachoka. Nikamwambia picha si kitu, mchezo ndio kila kitu. Akanijibu, "Basi mbona juzi ulifuta ile gemu ya maneno ukasema ina sura mbaya?" Nilikosa la kusema. Nani kati yetu ana haki? Na je, ninunue mashine kama yake?

JIBU: Mpwa wako amekubana pabaya, dada, na mimi nitaanzia hapohapo alipokubana, kwa sababu swali lake la mwisho ndilo lenye nyama. Kwa nini mtu anayesema picha si kitu afute gemu kwa sababu ya sura?

Nimetengeneza gemu ndogo za simu kwa miaka mingi. Ubishi huu wa picha na mchezo nimeusikia kila wanapokaa wachezaji wawili, na karibu kila mara wanaobishana hawazungumzii kitu kimoja. Mpwa wako akisema "picha" ana maana ya uhalisia: mvua ifanane na mvua, ngozi ifanane na ngozi. Wewe uliposema "sura mbaya" hukuwa unalalamika kwamba herufi zile hazifanani na herufi za kweli. Nadhani, na unisahihishe nikikosea, zilikuwa zimebanana, rangi zilikuumiza macho, na ulipogusa herufi hukujua kama imekubali au imekataa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, yamevalishwa jina moja tu.

Picha ndani ya gemu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuambia: uko wapi, nini kinakuja, kipi kinaguswa na kipi ni pambo, umepata au umekosa. Ya pili ni kukubeba na kukupeleka mahali pengine mpaka usahau kiti ulichokalia. Hiyo ya pili ndiyo inayowekwa kwenye matangazo. Ya kwanza haina hata jina, lakini ni sehemu ya mchezo wenyewe. Ukiiondoa, hutabaki na gemu yenye picha mbaya. Hutabaki na gemu yoyote.

Watu wa upande wako hupenda kufunga mjadala kwa methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni methali tamu, ila kwa jambo hili inapotosha, kwa sababu inachukulia kwamba kuna nje na kuna ndani. Gemu haina ndani utakayoifikia bila kupitia kwenye kioo. Kila unachokijua juu yake umekijua kwa macho, kwa masikio na kwa kidole.

Chukua Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, ambayo kila mtetezi wa "mchezo kwanza" huileta kama shahidi. Alexey Pajitnov aliiandika Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta iliyoitwa Elektronika 60, mashine isiyokuwa na uwezo wa kuchora. Vipande vya mchezo viliundwa kwa mabano ya kawaida ya kuandikia. Mwaka 1989 ikaanza kuuzwa pamoja na Game Boy, mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, yenye kioo cha nukta 160 kwa 144 na vivuli vinne tu vya rangi inayokaribiana na maji ya kidimbwi. Mshindani wake, Game Gear ya Sega, ilikuja na rangi kamili na kioo chenye taa, ikawa inamaliza betri 6 kwa saa chache, na ikaachwa mbali sana. Basi, wanasema, umeona? Picha haina maana.

Mimi naisoma kinyume. Tetris ni picha tupu. Haina hadithi wala mtu. Ina maumbo 7, kila moja la miraba 4, na jicho hulitambua kila umbo kabla akili haijawaza. Ile kazi ya kwanza niliyoitaja imefanywa humo kwa ukamilifu ambao sijauona kwingine. Kilichokosekana ni uhalisia, na hakuna aliyeuulizia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa gemu ya nyoka iliyokuja ndani ya Nokia 6110 mwaka 1997, kwenye kioo cha nukta 84 kwa 48. Nyoka yule alikuwa mstari unaorefuka, basi.

Nukta zilipokuwa chache, mchoraji alilazimika kuchagua cha kusema. Shigeru Miyamoto wa Nintendo alipomchora mhusika wake Mario kwa ajili ya Donkey Kong ya mwaka 1981, alimpa masharubu ili asihitaji kuchora mdomo, na kofia ili asihangaike na nywele. Masharubu mashuhuri kama yale yalizaliwa na uhaba! Na kuna kisa ninachokipenda zaidi, cha Space Invaders ya mwaka 1978, gemu ya kuwapiga risasi wavamizi wanaoshuka kutoka angani. Wavamizi wakipungua, waliobaki huongeza mwendo, na moyo wako nao huongeza mwendo. Chanzo chake kilikuwa udhaifu wa mashine: kila mvamizi aliyekufa aliipunguzia mzigo wa kuchora, ikawasogeza waliobaki kwa haraka zaidi. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, aliona inanoga, akaiacha vilevile. Msimulie mpwa wako hicho. Wakati mwingine picha ikishindwa ndipo mchezo unapopatikana.

Sasa nitakusaliti kidogo, dada, maana na yeye ana haki yake.

Mwaka 1993 ilitoka gemu ya kompyuta iitwayo Myst. Ilikuwa ya polepole kupita kiasi: unatazama picha iliyotulia, unabofya, inakuja picha nyingine iliyotulia. Hakuna adui, hakuna kufa kila dakika. Lakini picha zile zilikuwa nzuri kiasi kwamba watu wasiowahi kucheza gemu maishani waliinunua, na wengine walinunua kabisa kifaa cha kusomea CD ili waione. Kwa miaka mingi ndiyo iliyoongoza kwa mauzo kati ya gemu zote za kompyuta, hadi The Sims ilipoipita mwaka 2002. Na waliovutwa na picha hizo hawakuwa vijana wa kujisifia mashine. Walikuwa watu wa nusu saa usiku, kama wewe.

Kisa cha pili kinauma zaidi kwa sisi tunaojidai hatujali sura. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, walitoa Dwarf Fortress mwaka 2006. Ni ulimwengu mzima wa vibeti wanaochimba, wanaogombana, wanaolia, wote wakionyeshwa kwa herufi na alama za kibodi. Ilikuwa bure. Wajuzi waliisifu kila walipopata nafasi, na wengi wa waliosikia sifa hizo waliifungua, wakaona ukuta wa herufi, wakaifunga. Desemba 2022 ikatoka ya kulipia, yenye vitu vilivyochorwa na inayoendeshwa kwa kipanya. Mifupa ilikuwa ileile. Watu wakamiminika kulipia kitu walichoweza kukipata bure kwa miaka 16. Je, walinunua uhalisia? Hapana, michoro yenyewe ni midogo na ya kizamani. Walichonunua ni kuweza kuona kwamba ile ni ngazi na yule ni mbwa.

Kwa hiyo "picha si kitu" ulikuwa uongo, ingawa ulisema kwa hasira na tunakusamehe.

Nije kwenye peremende zako, kwa sababu hapo mpwa wako anakosea kabisa na pengine hata wewe hujui ni kazi kiasi gani iliyofichwa. Candy Crush Saga ilitoka mwaka 2012, na wazo la kupanga vitu vitatu vinavyofanana lilikuwepo zamani. Bejeweled ilikuwa nalo tangu 2001. Kinachokufanya uendelee si wazo peke yake. Ni namna kipande kinavyobonyea ukikigusa, kinavyopasuka na mlio unaopanda ngazi moja kila mnyororo unapoongezeka, na namna vya juu vinavyoshuka vikadunda kidogo kabla ya kutulia. Sisi watengenezaji tuna neno la utani kwa mambo haya: juisi. Kiasi chake kikiwa sawa hakuna anayeitambua. Ikikauka, mchezaji hulalamika juu ya jambo jingine kabisa.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Tulikuwa na gemu ya kupanga vigae, tukawapa watu waijaribu, na karibu wote walisema ni nzito, inachelewa. Tulipima: haikuwa inachelewa hata chembe. Tukaacha kanuni zote zilivyo, tukaongeza tu kwamba kigae kinywee kidogo papo hapo kidole kinapofika, pamoja na mlio mfupi kama wa kokoto. Watu walewale walirudi, wakatupongeza kwa kuiongezea kasi. Hebu niambie, tulichokiongeza kilikuwa picha au mchezo? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na bado sijaona faida ya kulijibu.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo uzuri na uchezaji hunyang'anyana kweli, nako ni kwenye muda. Gemu inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 17 za kuchora kila kitu. Inayobadilisha mara 30 ina 33. Kila tone la mvua kwenye lile koti linalipiwa kutoka kwenye mfuko huo. Ndiyo maana gemu nyingi kubwa za leo hukuuliza mwanzoni: unataka picha bora zaidi au mwendo laini zaidi? Muulize mpwa wako huchagua nini anaposhindana na wenzake mtandaoni. Kama ni mchezaji makini, hushusha vivuli, hushusha mvua, hushusha kila pambo, ili adui aonekane wazi na kidole kijibiwe haraka. Yaani siku ya mechi yenye uzito, hucheza gemu inayoelekea kufanana na zako.

Sasa zile dakika zako 20. Usijilaumu, na usizilaumu picha kwa haraka.

Kwanza ni mikono. Kidhibiti cha kisasa kina vijiti viwili, kimoja cha kutembeza miguu na kingine cha kugeuza macho, na lazima vyote viende pamoja. Aliyekua navyo hakumbuki alivyojifunza, kama asivyokumbuka alivyojifunza kutembea. Ukimpa mtu mzima kwa mara ya kwanza, atatazama dari, atatazama sakafu, ataingia ukutani. Nimewaona wahandisi wakifanya hivyo. Hiyo ni lugha, na hakuna aliyekufundisha.

Pili, na hapa ndipo palinifanya niandike jibu refu hivi, uhalisia huficha. Kila kitu kikichorwa kwa uangalifu uleule, milango 10 yote ni mizuri, ila ni mmoja tu unaofunguka. Jicho halina pa kushika. Watengenezaji wanalijua tatizo hili, na ndiyo maana katika gemu nyingi za gharama kubwa utakuta ngazi na kingo za kupandia zimepakwa rangi ya njano, katikati ya magofu ambayo hakuna mpaka rangi aliyeyafikia kwa miaka 100. Wachezaji huzicheka sana rangi hizo. Mimi huzionea huruma: kazi ya pili ya picha imekua hadi ya kwanza ikalazimika kuombewa kopo la rangi. Linganisha na mwanzo wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ambamo hata mawingu na vichaka ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Unasimama kushoto, nafasi yote iko kulia, kinakuja kijidudu kimoja chenye sura ya kununa. Huhitaji kuambiwa kitu. Ukigongana nacho unakufa, na umepoteza sekunde 5.

Tatu ni saa. Gemu ile ya mpwa wako ilitengenezwa kwa mtu mwenye jioni nzima, ikajipa ruhusa ya kuanza taratibu. Wewe una nusu saa. Hapo ndipo zilipo gemu hizi tunazoziita nyepesi: zinaheshimu nusu saa yako, zinakubali kukatizwa, na zinakusamehe usipozifungua wiki nzima. Nyepesi haina maana ya rahisi. Flappy Bird, iliyotengenezwa na Dong Nguyen wa Vietnam mwaka 2013, ilifundishika kwa kugusa mara moja, kisha ikaua watu kwenye bomba la kwanza bila huruma mpaka mwenyewe akaiondoa Februari 2014.

Wala si gemu za pembeni. Ile ya karata iliyokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, ambayo karata zake zilichorwa na Susan Kare, iliwazoesha watu wengi kushika kitu kwa kipanya na kukiburuta. Mashine ya kuchezea ya Nintendo Wii ya mwaka 2006 haikuweza hata kutoa picha za HD wakati wapinzani wake wawili waliweza, na iliwapita wote kwa mauzo, zaidi ya milioni 100, kwa sababu mtu alitikisa mkono na raketi ikatikisika. Ila usiigeuze kuwa hirizi: Wii U iliyofuata mwaka 2012 haikufika hata milioni 14. Waliovutiwa na tenisi ya sebuleni walikuwa wamesharidhika na waliyo nayo.

Jambo moja hamkulitaja nyote wawili, nami siwezi kuliacha, kwa sababu linazihusu gemu zako kuliko zake. Picha ina kazi ya tatu, ya kuuza. Angalia kwenye gemu zako za bure ni kitu gani kinachometameta kuliko vyote. Kama ni kitufe cha kununua uhai au sarafu, na mchezo wenyewe umefifia pembeni, basi juisi yote imemiminwa upande mmoja na unajua ni upande gani. Gemu ya namna hiyo naifuta bila kungoja, hata ikipendeza vipi.

Na ile ya maneno uliyoifuta, kama uliipenda kwa mengine, ingia kwenye mipangilio kabla ya kuihukumu tena. Wordle, kwa mfano, ina chaguo la kuongeza utofauti wa rangi kwa wasioweza kutenganisha kijani na njano. Herufi kubwa na rangi zinazoachana zimeokoa gemu nyingi machoni mwa watu waliopita miaka 40; naandika haya nikiwa na miwani puani.

Mashine usinunue, si kwa ajili ya picha. Uhalisia huchacha haraka. Kilichoduwaza watu miaka 15 iliyopita leo kina nyuso za plastiki. Mtindo hukaa. The Legend of Zelda: The Wind Waker ilipoonyeshwa mara ya kwanza, kabla ya kutoka Japani mwaka 2002, mashabiki walinung'unika kwamba ni katuni za watoto, na leo bado inapendeza kuliko nyingi za umri wake zilizojitahidi kufanana na maisha. Ukitaka kuona picha na mchezo vikiwa kitu kimoja hasa, pakua Monument Valley ya mwaka 2014 kwenye simu yako. Unageuza mnara, ngazi mbili zilizokuwa mbali zinaonekana zimegusana, na kwa kuwa zinaonekana zimegusana, basi zimegusana, unapita. Haiwezekani hapo kusema uzuri unaishia wapi.

Mpwa wako naye mpe Balatro. Imetengenezwa na mtu mmoja anayejificha nyuma ya jina la LocalThunk, ilitoka mwaka 2024, na mwaka huohuo ikashindanishwa na magwiji kwenye tuzo za The Game Awards kuwania gemu bora ya mwaka. Ni karata tu, dada. Karata za nukta nukta, zinazotetemeka kidogo alama zinapopanda. Inapatikana kwenye simu pia, lakini wewe usiifungue usiku kabla ya kulala, nakuonya. Mwachie yeye. Ukimkuta saa 8 za usiku bado anahesabu alama, kaa pembeni yake taratibu, umwulize matone ya mvua yako wapi.